Gari Lililoshuka Darini

Mwanangu Kemilembe,

Nimelivunja gari. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ukirudi utapita sebuleni kabla hata hujavua viatu, utatupa jicho kabatini, utaona nafasi tupu na utadhani tumeibiwa. Hatujaibiwa. Liko hapa mezani mbele yangu, limelala ubavu, gurudumu la mbele la kulia limetengana na mwili wake. Ukweli ni kwamba si mimi hasa niliyelivunja, lakini aliyelivunja ameomba asitajwe, kwa hiyo kwa sasa tuseme ni mimi.

Wewe uko Buswelu kumuaga shangazi yako kabla ya safari ya chuo, na dada yangu namfahamu, hatakuachia mpaka ule mara mbili. Nina muda. Mama yako yuko jikoni anacheka peke yake. Mambo ya begi, ya blanketi la baridi ya Mbeya, ya kutompa mtu simu yako stendi, amekwisha kukuambia, na kesho alfajiri atakuambia tena mlangoni, kisha atapiga simu kukumbusha kabla basi halijafika Usagara. Mimi siyagusi hayo. Nataka kukuandikia habari za gari, maana kwa mdomo siwezi. Unaujua mdomo wangu. Ukianza kuomba radhi haufiki katikati kabla haujaanza kujisifu, na mama yako anasema ndio ugonjwa wa Wahaya, haujapatiwa dawa.

Mwanzo wa gari umeusikia kwa Bibi, na Bibi anausimulia kama kesi ya jinai. Acha mshtakiwa naye aseme. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Mhandisi mmoja wa barabara, mgeni kutoka ng'ambo, alikuwa amepanga nyumba jirani na kwetu kule Bukoba, na Bibi alikuwa akimpelekea ndizi. Kazi yake ilipoisha akagawa vitu. Mtu alipata ndoo, mtu alipata blanketi, mimi nikapata gari la mashindano la kuendeshwa kwa rimoti, jekundu, tairi za nyuma zina meno, namba saba ubavuni. Mwanawe alikuwa amekua, amelichoka. Kwetu umeme haukuwepo wakati huo. Betri ilikuwa imechajiwa kwa jenereta yake, mara hiyo moja tu.

Mtoto mwenye busara angelijaribu barabarani. Mimi nilitafuta mahali tambarare kuliko pote, na mahali hapo palikuwa uani, ambapo Bibi alikuwa ameanika kahawa ya msimu mzima kwenye mikeka. Kemi, lilikwenda! Sijawahi kuona kitu kikienda vile. Kahawa ilirukia huku na huku, kuku wakahamia kwa jirani, na mimi nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Betri ilikuwa bado ina nguvu Bibi alipotokea migombani. Hakunipiga. Alilichukua, akalifuta vumbi kwa khanga yake, akapanda ngazi na kulitundika darini juu ya jiko.

"Litashuka siku utakapopata akili," akasema.

Nilibaki uani na rimoti mkononi. Nikabonyeza, nikasikia magurudumu yanazunguka huko juu gizani. Nikaendelea kubonyeza na kusikiliza mpaka betri ikaisha.

Halikushuka. Nilimaliza shule, nikasomea upimaji wa ardhi, nikamwoa binti wa Kijita aliyenicheka siku ya kwanza kuniona, nikahamia Mwanza, nikapima viwanja Kiseke na huko huko Buswelu uliko sasa, na gari likabaki kwenye moshi. Nilikuwa nimelisahau. Ni wewe, Krismasi iliyopita, uliyetumwa darini kutafuta ungo ukashuka na kitu cheusi kama chungu, ukauliza ni nini. Bibi hakunitazama hata kidogo. "Muulize baba yako kama ameshapata akili," akakuambia.

Ukanigeukia mbele ya ukoo mzima. "Baba, umeshapata?"

Nikasema bado. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Basi chukua wewe," akasema. "Labda kwako zimefika."

Kwa hiyo gari alipewa nani? Ulipewa wewe. Kumbuka hilo, kwa sababu mimi nilisahau upesi sana.

Tulirudi nalo Mwanza limefungwa kwenye majani ya mgomba pamoja na rimoti yake, ambayo Bibi alikuwa ameitunza, na njiani tukakubaliana: kabla hujaenda chuo litakuwa linakimbia, na tutaliendesha pamoja, wewe na mimi, kwenye mchanga wa Igombe. Ahadi ilikuwa yangu. Niliitoa mimi, kwa sauti kubwa, kama kawaida.

Kosa la kwanza nililifanya siku ile ile tuliyoanza. Wewe ulisema masizi tuyaloweke kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tuyaache yajiachie yenyewe. Mimi nikasema mtu aliyepigana na wenye viwanja miaka yote hii hashindwi na masizi. Nikachukua stilwaya ya mama yako ya kusugulia sufuria. Masizi yakatoka. Namba saba nayo ikatoka, na rangi nyekundu ikaanza kuifuata kabla hujanishika mkono. Moshi ulilitunza gari tangu utoto wangu, mdudu hakuligusa, kutu haikuligusa, mimi nikaliharibu kwa juhudi za asubuhi moja.

Ungenifokea ningejitetea. Wewe uliichukua stilwaya ukairudisha jikoni. Siku ya pili ukachora saba mpya kwa rangi ya kucha ya mama yako. Imepinda kidogo kichwani na naipenda kuliko ile ya kiwandani, lakini ile ya kiwandani nilitamani uwe nayo. Tangu hapo nimejitazama nikaona mimi ni mtu wa kusugua. Hata wewe nimekusugua, mwandiko wako, Kiingereza chako, namna unavyocheka kwa sauti kanisani. Nashukuru hukutoka rangi. Huko uendako, ukikutana na kitu kichafu ambacho hukijui, wewe loweka. Hiyo njia ni yako, mimi nimejifunza kwako.

Halafu ile siku ya gia. Ulikuwa umekaa sakafuni, bisibisi mdomoni, mama yako anakuambia utaimeza. Ulipofungua kifuniko tukaona kitu cheusi kimejibana katikati ya meno. Mimi nikasema kokoto. Ukakitoa kwa kibanio cha nyusi, ukakisugua kwenye gauni lako, na ilikuwa punje ya buni. Kahawa ya Bibi, ya mchana ule ule. Ilikuwa imekaa humo muda wote huo ikinisubiri.

Nikakusimulia kwamba zamani kwetu watu wawili wakitaka kuwa ndugu walikula buni za tunda moja, kila mtu yake, na baada ya hapo humnyimi mwenzako wala humfichi. Sikuwa na maana yoyote, nilikuwa najionyesha kuwa najua mila. Wewe ukaikata kwa koleo ukanipa nusu. Ilikuwa na ladha ya moshi na grisi iliyochacha. Nilitafuna huku natazama ukutani, macho yamejaa, nikasema ni ukali wa grisi. Haukuwa ukali wa grisi.

Betri uliiunga wewe kutoka kwenye betri za kompyuta mbovu, ukalehemu nyaya wewe, antena tukanyofoa kwenye redio ya zamani. Mchango wangu mkubwa ulikuwa kushika tochi na kutoa maoni. Jioni ile magurudumu yalipozunguka kwa mara ya kwanza juu ya meza hii, nilisikia mlio ule ule wa darini. Wewe ulikuwa unaruka. Mimi nilikaa nikaegesha sikio karibu nayo.

Sasa mtu mwingine angefurahi na familia yake akalala. Mimi nikatangaza uzinduzi. Naona aibu hata kuandika. Nilikodi hema na viti, nikatafuta mshereheshaji mwenye spika, nikamwalika mwenyekiti wa mtaa kama mgeni rasmi, na nikaandika risala. Risala, Kemi, ya gari linaloingia kwenye kikapu.

"Baba, hatujalijaribu hata nje," ulisema.

"Mhaya hajaribu," nikakujibu. "Anazindua."

Na zile shokapu za kupunguza mtikiso zilikuwa kavu, zinalia kila gari likiguswa. Uliniomba twende duka la vipuri vya pikipiki tuulize mafuta yanayofaa. Mimi kuuliza? Mbele ya watu ambao kesho yake watakuja kwenye uzinduzi? Nikaingia jikoni nikachukua chupa ya mafuta ya samaki sangara ambayo mama yako huletewa na ndugu zake kutoka Majita. Mepesi, nikasema, safi, na ni ya hapa hapa ziwani. Nikajaza shokapu, nikapaka gia, nikapaka kila kinachozunguka. Mama yako alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mnatengeneza gari au mnalikaanga?" akauliza.

Unajua kilichofuata, lakini niache nikiandike mara moja maishani mwangu. Gari liko mezani chini ya hema, limefunikwa kitenge. Jua limewaka, mafuta yamepata joto. Risala imesomwa, yote. Mwenyekiti amesimama, amerekebisha koti, amevuta kitenge kwa vidole viwili. Na pale mezani amekaa paka wa jirani, amelikumbatia gari letu, analamba shokapu ya kushoto kwa utulivu kabisa.

Mtaa wetu wa Kiseke haujacheka vile tangu uwe na watu. Mimi nilitamani ardhi, ambayo nimeipima maisha yangu yote, inimeze na koti langu. Wewe ulikuja ukanitoa rimoti mkononi. "Baba, niachie," ulisema. Ukashusha gari chini, ukalikimbiza, na paka akalifuata. Kisha wakatokea wengine, sijui walikuwa wanaishi wapi. Ukawazungusha kwenye viti, ukawapitisha chini ya meza kuu, wazee wamepandisha miguu, mshereheshaji anatangaza kama mpira, na mwenyekiti ameitupa hotuba yake anaomba zamu. Wewe ulikuwa unacheka ile sauti yako ya kanisani.

Nilinuna siku nzima. Mpaka leo kuna watu sokoni wananiita Baba Paka. Ilinichukua muda kuona kwamba mama mwenye yule paka, ambaye tangu mgogoro wa mpaka wa ukuta hakuwa akinisalimia, siku ile ndiye aliyebaki kukusanya viti pamoja nasi. Risala yangu hakuna anayeikumbuka hata neno. Watakucheka na wewe huko, mwanangu, siku moja mbele ya watu. Ukiweza, chukua rimoti uendelee kuendesha. Mimi siku ile sikuweza, uliweza wewe.

Na badala ya kujifunza hapo hapo, nikalisafisha gari, nikalikausha, nikaliweka kabatini nyuma ya kioo, katikati ya vile vikombe vya wageni vyenye ukingo wa dhahabu tulivyopewa siku ya harusi, ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuonekana anastahili. Nikafunga kwa ufunguo. Ukaniuliza lini tunakwenda Igombe. Nikasema mchanga utaingia kwenye gia. Ukauliza tena, nikasema mvua. Mara ya tatu nikasema plastiki imezeeka, likigonga jiwe vipuri havipo tena, na kitu cha kumbukumbu hakichezewi.

Hukubishana. Ulisema kwa sauti ya chini, "Bibi alikuwa na dari, wewe una kabati."

Neno hilo liliniingia, na nilikasirika kwa sababu lilikuwa kweli. Nikajiambia utauliza tena, na ukiuliza nitakubali. Juma hili lote nimesubiri. Umepanga nguo, umeaga marafiki, umepita mbele ya kabati asubuhi na jioni, na hukuuliza. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtoto anapoomba, bado ni wako kumnyima. Akiacha kuomba unabaki na ufunguo mkononi, hujui wa nini. Nilianza kuona kwamba kesho utaondoka ukiwa na baba aliyeahidi kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo leo ulipotoka kwenda Buswelu nikafungua kabati. Ili kulitoa gari ilibidi nitoe vikombe kwanza, nikavipanga sakafuni. Mama yako akatokea.

"Unahama na vyombo?" akauliza.

Nikamweleza. Nataka nikalijaribu Igombe kwanza, nihakikishe linapita kwenye mchanga, ukirudi nikuchukue twende kabla jua halijazama, nikushtukize. Nilidhani atanicheka. Unajua mwaka mzima amekuwa akiliita gari "mgonjwa wenu". Lakini juma hili mama yako amekunja nguo zako akazikunjua akazikunja tena, na jana nilimkuta amekaa kitandani kwako akisema anapumzika. Akavua aproni. "Nakuja," akasema.

Tulikwenda. Mimi nikaendesha kidogo, kwa heshima, kama mtu anayebeba mayai. Likapita vizuri, likaruka kituta kidogo cha mchanga likatua kwa miguu yake yote. Mama yako alikuwa akivitazama vidole vyangu kwenye rimoti. Kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Kemi, huyo mwanamke hajui mwendo wa pole. Alibana ile rimoti kama anaminya nguo, na gari likaondoka na mchanga nyuma yake. Alikuwa anapiga hatua za kukimbia bila kujua anakimbia. Mimi namwambia kata kona, kata kona, yeye anasema kona za nini. Na mbele, ufukwe mzima, umeanikwa dagaa.

Lilipita katikati. Dagaa walirukia huku na huku. Mimi nilisimama pale mtu mzima mwenye mvi, nikaiona kahawa ya Bibi, nikaanza kupiga kelele zile zile. Mwenye dagaa akainuka, mama mmoja mnene amefunga kilemba, akatutazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Nyie watu wazima," akasema, "hamna akili?"

Mama yako akajaribu kuligeuza gari likimbie ushahidi, akakata kona kwa mara ya kwanza siku ya leo, na jiwe lilikuwa pale pale. Tulisikia mkono wa gurudumu ukikatika. Nikamtazama, nikadhani atalia, maana machozi amekuwa nayo karibu juma zima. Akakaa kwenye mchanga akacheka. Alicheka mpaka mwenye dagaa naye akaanza, mpaka machozi aliyokuwa akiyaficha chumbani kwako yakatoka yote, na sikujua tena yapi ni ya nini. Tulikaa hapo tumeshikana mikono kama wachumba. Dagaa waliochanganyika na mchanga tumewanunua. Tumewaosha mara nyingi, lakini utakapokuwa unawala huko Mbeya, tafuna polepole.

Basi nimemtaja. Mwambie umejua mwenyewe.

Nimempigia Bibi simu nikamweleza yote. "Waitu, jamani," akasema, "kumbe bado, na sasa mko wawili." Kisha akaniagiza nikukumbushe kwamba gari ni lako, alikupa wewe, na sisi tulikuwa tumeazima tu.

Sasa sikiliza. Ule mkono wa gurudumu hauuzwi popote, nimetafuta. Vipande vyake viwili nimevitia kwenye soksi yako ya bluu, chini kabisa ya begi. Huko chuoni mtakuwa na karakana. Pima, chonga mwingine, ukikosea chonga tena, na uje nao Krismasi. Ningeweza kuugandisha kwa gundi leo hii, mikono inaniwasha, lakini siugusi. Gari litakaa hapa hapa mezani na mchanga wake kwenye gia. Stilwaya nimeificha. Ahadi ya Igombe bado ninayo, na safari hii ninaisema polepole.

Naona giza linaingia, utakuwa njiani. Niandike neno la mwisho kuhusu vikombe. Tuliporudi vilikuwa bado sakafuni. Mama yako alivitazama akauliza, "Hivi tunawatunzia wageni gani?" Nikaokota viwili nikampa. Kabati ni lake na maswali ni kazi yake, lakini miaka yote hiyo hakuwahi kuliuliza hilo. Akachemsha chai tukanywa humo, wawili, miguu bado ina mchanga.

Kesho alfajiri utakuta chai yako kwenye kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Nakuomba usikishike ukafikiri umekuwa mgeni nyumbani kwenu. Tumevitoa, na havirudi. Vitakaa jikoni na vile vya plastiki, vitavunjika kama vinavyovunjika vyombo vya watu, na Krismasi ukifika utachukua chochote kilichobaki, utajimiminia mwenyewe.

Ni mimi baba yako, ambaye gari lilishuka kabla hajapata akili.